Skripti yangu inasoma skrini ya ruta vizuri tu. Kwa nini nihamie API?

Swali: Nasimamia mtandao wa kampuni ndogo ya intaneti hapa Arusha. Minarani tuna ruta za MikroTik, katikati tuna Cisco, baadhi zimezeeka. Skripti yangu ya Python huingia kwenye ruta kwa SSH (njia ya kutoa amri za maandishi ukiwa mbali) kila alfajiri, hutoa amri ya muhtasari wa BGP (itifaki ya ruta kupeana njia), huyakata maandishi safu kwa safu, kisha hunitumia ripoti. Tangu tuongeze majirani (ruta tunazopeana nazo njia) wa IPv6, kuna siku ripoti ilisema wote wako juu, kumbe mmoja alikuwa chini usiku kucha. Mwenzangu anasema dawa ni API, yaani mlango wa programu kuuliza kifaa moja kwa moja, na data zenye muundo. Mimi naona ni fasheni. Taarifa si ni zile zile?

Jibu: Taarifa ni zile zile, hapo sibishani nawe. Kinachobadilika ni nani mwenye jukumu la kusema kila namba ni ya nini. Kwenye SSH jukumu hilo ni la macho ya anayesoma, na skripti haina macho. Kwenye API ni la kifaa chenyewe.

Dalili ulizotaja zinanipa picha ya jinsi skripti yako ilivyopotea. Muhtasari wa BGP kwenye Cisco una safu kumi, ya kwanza ikiwa anwani ya jirani na ya mwisho ikiitwa `State/PfxRcd`:

```
2001:DB8:20::2  4 65020 8123 8119 412 0 0 3w4d  187
2001:DB8:20:400::2
                4 65030    0    0   1 0 0 never Active
```

Anwani ya jirani wa kwanza imetosha kwenye nafasi yake. Ya wa pili imezidi, ruta ikavunja mstari. Wewe ukitazama unaelewa papo hapo. Lakini skripti nyingi huambiwa ziruke kila mstari usiotimiza safu kumi, ili zisisome vichwa vya juu. Ya kwako, nadhani, imekuta mstari wenye safu moja, ikauruka. Ikakuta wenye safu tisa, ikauruka pia. Jirani huyo hakuandikwa yuko juu wala yuko chini. Hakuandikwa kabisa, na kwa kuwa hakuna aliyeonekana chini, ripoti ikasema wote wazima.

Itazame na safu ya mwisho. Imebeba vitu viwili: jirani akiwa juu unaona idadi ya prefiksi (mafungu ya anwani) alizokutumia, akiwa chini unaona neno la hali yake. Na `Active` kwenye BGP maana yake ruta ingali inajaribu kuunganisha, haijafanikiwa. Nimeshaona skripti za watu zinalitafuta neno hilo na kulipaka rangi ya kijani.

Sasa swali hilo hilo ukiliuliza kwa API, mathalani eAPI ya swichi za Arista, sehemu inayokuhusu hurudi hivi, kwa JSON, yaani maandishi ambayo kila thamani ina jina lake:

```
"2001:db8:20:400::2": {
  "peerState": "Active",
  "prefixReceived": 0,
  "asn": "65030"
}
```

Hakuna upana wa safu wala mstari wa kuvunjika. Hali ina jina lake, idadi ya prefiksi ina jina lake, na anwani ndiyo ufunguo hata ikiwa ndefu kiasi gani. Faida ninayoithamini zaidi huonekana mambo yanapoharibika: ukiuliza ufunguo ambao haupo, Python inakupigia kelele ya `KeyError` na skripti inasimama. Bora skripti iliyokufa saa kumi alfajiri nikajua imekufa, kuliko iliyo hai inayonidanganya kwa upole.

Na si fasheni. Mwaka 2002 Bodi ya Usanifu wa Intaneti, IAB, iliwakutanisha waendeshaji wa mitandao na watunga itifaki, na malalamiko yaliyochapishwa mwaka uliofuata kwenye RFC 3535 (RFC ni nyaraka za kiufundi za intaneti) yanafanana sana na ya kwako. SNMP, itifaki ya kusimamia vifaa vya mtandao, ilikuwa inafaa kutazama mtandao ila watu hawakuitumia kuusanidi, na maandishi ya mstari wa amri yalikuwa shida kwa programu. NETCONF, itifaki ya kusanidi vifaa kwa data zenye muundo, ikafuata mwaka 2006, lugha ya YANG ya kueleza muundo wa data mwaka 2010, na RESTCONF, inayofanya kazi hiyo kwa HTTP kama ya wavuti, mwaka 2017.

Upande wa kuandika mipangilio faida ni kubwa zaidi. Ukituma amri kumi kwa SSH na ya nne ikakosewa, ruta inachapisha `% Invalid input detected` na inazipokea sita zilizobaki kama kawaida. Skripti isiyosoma ujumbe huo imekuachia mipangilio nusu nusu. Kwa NETCONF, kifaa chenye uwezo huo kinakuruhusu kuandaa mabadiliko yote pembeni, kuyakagua, kisha kuyapitisha kwa pamoja. Kuna pia kupitisha kwa masharti: usipothibitisha ndani ya sekunde 600, ambao ndio muda wa kawaida, kifaa kinarudi kilivyokuwa. Aliyewahi kujifungia nje ya ruta iliyo juu ya mnara wa mbali hahitaji kubembelezwa juu ya hilo.

Ila usihamie ukidhani matatizo yamekwisha. JSON sahihi inaweza kubeba thamani itakayokutega. Kwenye API ya REST (inayoulizwa kwa HTTP) ya MikroTik thamani zote hurudi zikiwa maandishi, hata namba na ndiyo-au-hapana. Intafesi iliyo chini itakuja na `"running": "false"`, na ukiandika `if intafesi["running"]:` Python itaona maandishi yasiyo matupu na kuhesabu kwamba ni kweli. Linganisha waziwazi na `"true"`. Hata RESTCONF ina mtego wa aina hiyo: namba za biti 64, kama vihesabio vya baiti kwenye intafesi, hutumwa kama maandishi kwa mujibu wa RFC 7951, na kwenye maandishi "9" ni kubwa kuliko "10". Geuza kuwa namba kabla ya kulinganisha.

Majina nayo hayafanani. Arista husema `Established`, modeli ya Cisco ya IOS XE husema `fsm-established`. Kwa hiyo andika kipande kimoja kwa kila aina ya kifaa, kinachotafsiri majibu yake kuwa umbo lako mwenyewe: anwani, yuko juu au hayuko, prefiksi ngapi. Ripoti isome umbo hilo tu.

Kwa vifaa vyako ningeanza na MikroTik. Zilizo kwenye RouterOS toleo la 7 zina REST tayari. Washa `www-ssl` ukiwa na cheti, kisha uliza `/rest/interface`. Zilizobaki toleo la 6 zina API ya zamani kwenye poti 8728, au 8729 kwa njia ya TLS, yaani iliyosimbwa. Tumia hiyo ya pili. Cisco zenye IOS XE ya karibuni ziulize kwa RESTCONF. Zile kongwe zisizo na API ziache kwenye SSH, lakini tupa mkato wako wa safu: kama unatumia Netmiko, maktaba ya Python ya kuingia kwenye vifaa kwa SSH, ongeza `use_textfsm=True` na isakinishe pamoja na violezo vya ntc-templates. Bado ni kusoma skrini, ila violezo vinatunzwa na watu wengi na unapata data zenye majina.

Kisha, na hili lifanye wiki hii hata kabla ya kugusa API, weka kwenye faili orodha ya majirani wanaotakiwa kuwapo. Ripoti ianzie kwenye faili hilo, si kwenye majibu ya ruta, na kila jirani asiyepatikana aandikwe hayupo, kwa rangi nyekundu. Akaunti ya skripti iwe ya kusoma tu, na poti za API zikubali anwani za seva yako ya usimamizi peke yake.