Jibu: Baba kafariki Bukoba, baba wadogo wanasema binti harithi shamba

Pole sana kwa msiba, dada. Usiwabishie bado; jua kwanza ni sheria ipi inatumika: ya kimila, ya Kiislamu, au ile ya mirathi ya India ya 1865, ambayo Tanzania huitumia kwa wasioishi kimila wala Kiislamu. Mahakama huangalia marehemu aliishije, si kabila lake tu, kwa hiyo tafuta cheti cha ndoa ya kanisani, kuonyesha aliishi Kikristo, na wosia kama upo.

Hata ikiamuliwa ni mila, hawajashinda. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inabatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi, na mwaka 1990 Mahakama Kuu Mwanza iliamua mwanamke wa Kihaya anaweza kuuza shamba la ukoo sawa na mwanamume.

Ila usisaini muhtasari wa kikao cha ukoo bila kuusoma! Ndio unaopelekwa Mahakama ya Mwanzo kumteua msimamizi wa mirathi. Wakishafungua shauri, muone wakili au msaidizi wa kisheria mapema, uweke pingamizi.