Kabla hujaandika 10,000 ubaoni: kwa mwalimu mpya wa hesabu madarasa ya chini

Mtoto ameambiwa aandike elfu nne mia tatu na tano. Ameandika 40003005. Mwalimu mpya ameweka kosa kwa kalamu nyekundu, pembeni akaandika "soma swali vizuri", akageuza ukurasa. Fungua daftari kumi zinazofuata, utaikuta 40003005 hiyo hiyo katika tatu au nne, na maneno yale yale pembeni.

Jamani, mtoto huyo swali amelisoma vizuri. Amesikia elfu nne akaandika 4000, akasikia mia tatu akaandika 300, akasikia tano akaandika 5. Vipande vyote vitatu ni sahihi. Asichojua ni kwamba vipande hivyo hulaliana, kimoja juu ya kingine, wala havijipangi kwa mstari kama maneno yanavyofuatana mdomoni. Hilo hakuna aliyemfundisha, na kumwambia asome vizuri hakumfundishi. Basi wadogo zetu mnaoingia darasa la pili, la tatu na la nne na andalio la somo lililonyooka, kaeni hapa kidogo.

1. Tarakimu tatu kwanza. Siku ya kwanza usifungue ukurasa wa maelfu. Taja 207, 270, 720, 700 na 72, watoto waandike. Kisha ziandike ubaoni kwa mpangilio mwingine, wasome. Anayeandika 2007 kwa mia mbili na saba atakuandikia makubwa zaidi ukifika 50,207. Namba kubwa hugawanywa kwa vikundi vya tarakimu tatu tatu kutoka kulia, na kila kikundi husomwa kama namba ya mamia. Kwa hiyo asiyeweza 207 hana cha kusomea 207,207. Wiki utakayoitumia hapa utairudishiwa baadaye, wala usiogope mwenzako wa mkondo wa pili akikutangulia kurasa nane.

2. Sifuri. Hapa ndipo tunapowaharibu watoto kwa mikono yetu, na tunaanza mapema. Darasa la kwanza mwalimu anainua mkono mtupu na kusema, "Sifuri ni hakuna kitu." Sawa. Muhula unaofuata anaongeza, "Sifuri haina thamani." Mtoto anashika. Mwaka wa tatu anaambiwa aandike elfu nne na thelathini na tano, naye anaandika 435. Kwenye mamia hakusikia kitu, na kitu kisicho na thamani cha nini kukiandika? Amefuata tulichomwambia, neno kwa neno.

Mwalimu akiliona kosa hilo, mkono unakimbilia chati ya thamani ya nafasi: maelfu, mamia, makumi, mamoja, mistari minne ya wima. Watoto wanajaza, wote wanapata, mwalimu anafurahi. Kesho yake imla bila chati, 435 imerudi. Hasira inapanda: "Si jana mlipata wote?" Walipata kwa sababu chati iliwafanyia kazi. Ndani ya chati, safu iliyo tupu inaonekana kwamba ni tupu. Mistari yenyewe inaishikia nafasi, na sifuri inakuwa pambo tu la kumridhisha mwalimu. Mtoto hajawahi kuihitaji.

Mfanye aihitaji. Chora chati kwa chaki, andika 4 kwenye maelfu, acha mamia wazi, andika 3 kwenye makumi na 5 kwenye mamoja. Waulize ni namba gani. Watasema elfu nne na thelathini na tano. Sasa chukua dasta, ufute mistari na vichwa vya safu mbele ya macho yao, bila kugusa tarakimu. Soma tena. Wengine watang'ang'ania elfu nne, wengine watasema mia nne thelathini na tano, na utakuwa na kelele. Ziache kelele zienee, ndizo somo lenyewe. Kisha nakili 4, 3 na 5 chini yake zikiwa zimesogeleana, kama mtoto anavyonakili daftarini, uwaulize kitu gani kingeizuia 4 isisogee. Mara nyingi mtoto mmoja atakuja kuchomeka sifuri bila kuambiwa. Akishaichomeka, mpe chaki aichomeke pia kwenye 7 na 8 ziwe elfu saba na nane. Atahitaji mbili. Hapo sifuri ina kazi, na neno "haina thamani" lisitoke tena mdomoni mwako. Sema: makumi hayapo, na sifuri inashika nafasi yao.

Kinachotibu 40003005 ni kadi za kulaza. Tengeneza seti moja kwa kila watoto wanne, kwa manila au maboksi. Kila seti ina kadi 36: tisa za mamoja (1 hadi 9), tisa za makumi (10 hadi 90), tisa za mamia na tisa za maelfu. Urefu wa kwenda juu ni sentimita 6 kwa zote. Upana: mamoja sentimita 4, makumi 8, mamia 12, maelfu 16, kila tarakimu ikikaa katikati ya sentimita 4 zake. Ukikosea vipimo, tarakimu hazitafunikana na watoto wataona takataka, kwa hiyo piga mistari kwa rula kabla ya kuandika. Weka mshale mdogo kwenye ukingo wa kulia wa kila kadi. Mshale huo usiuache. Mtoto akipanga kwa ukingo wa kushoto, 300 itafunika mwanzo wa 4000 na asome 3000, na hapo umeongeza tatizo.

Laza 4000 chini. Juu yake laza 300, mishale ikutane kulia: inasomeka 4300. Laza 5 juu ya zote: 4305. Mwachie mtoto aliyeandika 40003005 azipandishe na kuzishusha mwenyewe. Sifuri zake zote zipo, hazijapotea, zimefunikwa. Iliyobaki wazi, ile ya makumi, ni ya kadi ya 300. Kabla ya kulaza namba yoyote muulize maswali mawili: kadi ngapi, na tarakimu ngapi? Elfu saba na nane ni kadi mbili, tarakimu nne. Elfu sita ni kadi moja, tarakimu nne. Kadi ni vile vipande anavyovisikia; idadi ya tarakimu huamuliwa na kadi pana kuliko zote. Mtoto anayeweza kujibu maswali hayo mawili kabla ya kushika penseli haandiki tena 40003005.

3. Elfu ishirini na tano ni ngapi? Nusu ya darasa itaandika 25,000, nusu 20,005, na kwa masikio wote wako sahihi. Mwalimu mpya anasahihisha kwa majibu aliyoyaandika kichwani na kuwakosesha watoto ishirini wasio na kosa. Amueni mapema, tena shule nzima. Kanuni inayofanya kazi ni hii: idadi ya maelfu ikiwa neno moja, elfu itangulie, yaani elfu nne, elfu kumi, elfu ishirini. Idadi yenyewe ikiwa ya maneno zaidi ya moja, iitangulie elfu: ishirini na tano elfu, mia mbili na tano elfu. Basi 25,000 ni ishirini na tano elfu, na 20,005 ni elfu ishirini na tano, pumzi kidogo kabla ya "na". Laki nayo mtoto anakuja nayo kutoka nyumbani. Usimkataze, mwonyeshe kwamba laki moja ni mia moja elfu, ila mtahadharishe na "laki mbili na hamsini". Mitaani hiyo ni 250,000. Daftarini ni 200,050.

4. Kusoma namba ndefu: funika kwa karatasi kila kitu isipokuwa kikundi cha kushoto, soma kama namba ya mamia, sema jina la kikundi, sogeza karatasi. 305,040: mia tatu na tano elfu, na arobaini. Kwa kuandika, mtoto achore kwanza vistari vitatu, mkato, vistari vitatu, kisha ajaze kila kikundi. Kikundi chochote kisichokuwa cha kwanza kushoto lazima kijae tarakimu tatu.

5. Mipaka. Watoto huhesabu vizuri sana katikati ya njia na kuanguka mlangoni: 1,098, 1,099, 2,000. Au 9,999 halafu kimya. Kwa hiyo usipoteze muda kuhesabu 3,412, 3,413, 3,414. Anza hatua tatu kabla ya mpaka, maliza hatua tatu baada yake, kisha rudi kinyumenyume: 10,002, 10,001, 10,000, 9,999. Kinyumenyume ndiko kugumu zaidi, na ndiko kunakorukwa kwenye maandalio mengi. Kuna mtoto atakayekwambia, baada ya elfu moja tisini na tisa, "elfu moja tisini na kumi". Darasa litacheka. Wewe usicheke, msimamishe, maana yeye ndiye anayefikiri: ameongeza moja kihalali, na amepata mamoja kumi. Mpe mafungu tisa ya vijiti kumi kumi, vijiti tisa vilivyo huru, na kimoja cha kuongeza, amalizie mwenyewe. Akifunga fungu la kumi ataona kwamba mafungu yenyewe sasa ni kumi, na yanataka kufungwa pamoja kuwa mia.

Vijiti hivyo vipatikane hivi: darasa la watoto 40, kila mmoja alete 25, ndiyo elfu moja. Kila mtoto anafunga mafungu mawili ya kumi na kubaki na vitano, anavitoa kwa jirani, wanapata la tatu la wawili. Mafungu 100, mamia kumi, furushi moja la elfu. Liacheni darasani mwaka mzima.

6. Tofautisha maswali mawili. "Tarakimu gani iko kwenye nafasi ya makumi katika 4,305?" Sifuri. "Kuna makumi mangapi katika 4,305?" 430. Mtoto anayejibu sifuri kwa yote mawili atateseka kwenye kukopa, kwa sababu 4,305 kutoa 18 kunahitaji kumi moja kutoka kwenye 430, zibaki 429. Anayeliona hilo hahitaji kukopa kwa jirani wa jirani.

7. Kulinganisha: watakuambia 9,876 ni kubwa kuliko 10,002 kwa sababu ina tisa na nane. Wahesabu tarakimu kwanza, kisha walinganishe kutoka kushoto.

8. Ukubwa wenyewe. Zaidi ya elfu vijiti havibebeki. Tumia karatasi ya grafu ya milimita. Mraba wa sentimita 10 kwa 10 una vijiraba 10,000. Kipande cha sentimita 20 kwa 25 kina 50,000. Bandika vipande 20 ukutani, umepata milioni moja kamili. Waache waweke nukta ya penseli kwenye kijiraba kimoja, kisha warudi nyuma hatua tano waitafute.

9. Imla kila siku, dakika tano, namba kumi, kwa tarakimu chache zilezile ili masikio yafanye kazi: 2,500, 205, 20,005, 2,050, 25,000, 250, 2,055, 20,500, 2,005, 25,050. Soma kila moja mara mbili, si tatu. Ukisahihisha, usiweke alama ya kosa. Andika B kwa aliyebandika vipande, S kwa aliyepoteza sifuri, N kwa aliyeweka tarakimu kwenye nafasi isiyo yake. B arudi kwenye kadi, S kwenye chati iliyofutwa mistari, N kwenye vistari na vikundi. Kama una watoto 80, usijaribu kusahihisha daftari zote: kusanya kumi kwa siku, safu tofauti kila siku, wengine wabadilishane na kusomeana kwa sauti walichoandika. Ukikuta herufi moja imetawala daftari sita kati ya kumi, somo la kesho ni hilo, hata kama andalio linasema vingine.