Binti wa Khedivu aliyetoa vito vyake chuo kijengwe

Ndugu yangu, umeuliza kama yupo mwanamke wa ukoo wa kifalme aliyetoa mali yake mwenyewe kwa ajili ya elimu, siyo kukata utepe tu. Yupo: Fatma Ismail, binti wa Ismail, Khedivu (yaani mtawala) wa Misri. Chuo kikuu cha Cairo kilianza mwaka 1908 kwa michango ya watu, na fedha zilikuwa za kuungaunga. Yeye akatoa kiwanja, akatoa na vito vyake viuzwe ujenzi usikwame. Jiwe la msingi likawekwa 1914. Ila mimi namheshimu zaidi kwa wakfu wake: feddan 661 za mashamba (feddan ni kipimo cha ardhi cha Misri, kinachozidi ekari moja kidogo tu). Vito ukishauza vimekwisha, lakini mashamba yale yaliingizia chuo mapato mwaka hadi mwaka.