Anti, mwaka huu sitaki kununua kitu cha Krismasi, nitaonekana mchoyo?

SWALI: Shikamoo Anti. Mimi ni mama wa watoto wawili nakaa Kinyerezi, mume wangu ni Mchaga wa Rombo kwa hiyo kila Desemba lazima tupande kwenda kwao kuhesabiwa na ukoo. Shida yangu sio safari, safari naipenda, shida ni Kariakoo kabla ya safari. Vitenge vya mama mkwe na mashangazi, blanketi la babu, nguo za watoto wangu na za mashemeji, na mwaka jana ikaongezeka sare ya picha ya familia, yaani ukoo mzima tushone kitambaa kimoja tupige picha siku moja basi. Tukishuka Januari tunakutana na ada, madaftari na kodi ya miezi sita. Mwaka jana niliingia kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, na bado nadaiwa. Kikoba chetu kinavunjwa Desemba mwanzoni na huku kila duka limebandika OFA, sasa nataka nisinunue chochote kabisa ila mume anasema nitamwaibisha kwao. Nifanyeje? (Mke wa Mrombo)

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwenye hiyo sare jitoeni leo, wala usisubiri Desemba, maana kitambaa kikishanunuliwa na hela ikishaanza kuchangwa kwenye grupu la WhatsApp huwezi kutoka tena bila ugomvi. Ila asiseme mwanamke. Ukiandika wewe watasema kijana wetu kakaliwa, akiandika mume mwenyewe kwamba "jamani sisi mwaka huu tutapiga picha na nguo zetu" watanung'unika siku mbili wataacha. Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni mume, kaa naye muandike kwenye karatasi mwaka jana mlitumia ngapi na deni limebaki ngapi, mwanaume akiona namba analainika.

Ila kutonunua chochote kabisa, hapo sikuungi mkono. Kwa mama mkwe huendi mikono mitupu, lakini nani kasema lazima kiwe kitenge? Mama yule ana vitenge kabatini vya Krismasi zote mlizopanda na hajavishona, mpelekee mchele, sukari, mafuta, sabuni, vitu ambavyo mkiondoka vinabaki kumsaidia. Na mchango wa mbuzi na mbege usiukwepe hata kidogo, maana hiyo ndio sikukuu yenyewe, haya mengine ya dukani tumejibebesha.

Sasa kikoba. Wenye maduka wanaijua kalenda ya vikoba kuliko nyie wanachama, hizo OFA hazikubandikwa kwa kukuonea huruma. Siku mgao unaingia kwenye simu usishuke Kariakoo, usiseme napita tu kuangalia, kalipe kausha damu kwanza limalizike maana hilo linazaa kila siku, inayobaki iende ada na kodi hata kama mwenye nyumba hajaanza kukupigia. Hapo utakuwa huna hela ya kushawishika nayo. Watoto wanunulie viatu vya shule sasa hivi, kiatu cheusi kipya ni kiatu cha kanisani pia, kitaenda Rombo na kurudi na Januari kitaingia darasani.

Na hizo ofa mimi huwa zinanichekesha kweli, mtu anabandika punguzo asilimia 50 sehemu ambayo siku zote bei ni ya kuongea, sasa hiyo nusu ni nusu ya bei gani?

SWALI: Anti mambo, mimi niko Tabata, nimeona tivii Black Friday imeshuka sana, yangu bado nzima ila ndogo. Niwahi?

JIBU: Poa mwanangu, shikamoo siku hizi mmeisahau eeh. Black Friday ni Ijumaa inayofuata sikukuu ya Shukrani ya Wamarekani, Alhamisi ya nne ya Novemba, sisi sikukuu hiyo hatuna ila punguzo lake tumeletewa. Na hukohuko wapo walioichoka, kuna Siku ya Kutonunua Kitu ilianzia Vancouver, Kanada mwaka 1992, na mwaka 2015 kampuni ya REI ya Marekani inayouza vifaa vya kupanda milima ilifunga maduka yake yote Ijumaa hiyo na wafanyakazi wakalipwa kama kawaida. Wewe jiulize tu kama bei isingeshuka ungekuwa unaitafuta hiyo tivii? Kama hapana basi haujaokoa hela, umetumia. Na kama kweli unaihitaji, ulizia bei mwezi wa kumi uandike mahali, ndio utajua imeshuka au imepakwa rangi.

SWALI: Asalaam alaykum Anti. Nipo Unguja, nina watoto watatu, Idi ikija kila mmoja anataka gauni jipya na wa jirani wanabadilisha mpaka mara tatu kwa siku. Nikiwavalisha la Idi iliyopita nitakuwa nimewadhulumu?

JIBU: Waalaykum salaam. Hujamdhulumu mtu. Sunna ni kuvaa nguo nzuri uliyonayo, sijasikia mahali imesemwa lazima iwe mpya, sembuse tatu. La mkubwa lipunguze avae mdogo, ufue upige pasi utie udi, na hela iliyobaki uwagawie mkono wa Idi. Jirani mwache na magauni yake.