Kutoka kinanda cha kwaya hadi muziki wa gemu
Mdogo wangu uliyeuliza kama mpiga kinanda wa kwaya hapa Dodoma anaweza kutunga muziki wa filamu na gemu: anaweza kabisa. Hans Zimmer, mtunzi maarufu wa muziki wa filamu, naye alianza kwa kupiga kinanda kwenye bendi.

Kwenye filamu unafuata picha, sekunde kwa sekunde. Gemu ndiyo kazi hasa, maana mchezaji anaweza kukaa sehemu moja hata nusu saa. Kwa hiyo unatunga kipande kinachojirudia bila mshono kusikika, halafu ngoma zinaingia juu yake pambano likianza.

Anza na filamu fupi ya mwanafunzi yeyote. Na tafadhali, usiiache ilimba ya Wagogo, ile ala ya vijiti vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba! Mwanamuziki wa Kigogo Hukwe Zawose aliifikisha hadi majukwaa ya Ulaya. Irekodi vizuri, uitumie.