Je, mnyoo naye ana "homoni ya mapenzi"?

Swali: Mimi ni muuguzi wa wodi ya wazazi. Oksitosini, ile wanayoiita "homoni ya mapenzi", naijua kama sindano tunayomchoma mama akishajifungua, mfuko wa uzazi ujikaze asivuje damu. Mwanangu anayesoma baiolojia ananiambia hata minyoo wanayo, eti ndiyo inayowafanya wapandane. Mnyoo ana ubongo gani wa kupenda?

Jibu: Hapo kwenye "kupenda" ndipo mwanao alipoteleza, dada. Mengine yako karibu sana na ukweli.

Mnyoo mwenyewe si wa tumboni. Ni Caenorhabditis elegans, ana urefu wa milimita moja hivi, anaishi kwenye mboji na matunda yaliyooza, na mwili wake unapitisha mwanga, kwa hiyo ukiwa na darubini unamwona mpaka ndani. Karibu wote ni huntha: hutengeneza mbegu na mayai, wakajizalisha wenyewe. Madume ni wachache mno, hawafiki hata mmoja katika mia. Huntha ana seli za neva 302. Dume ana zaidi ya 380, na nyingi kati ya hizo za ziada ziko mkiani, kwa kazi moja tu: kupandana.

Mwaka 2012 makundi mawili ya watafiti, moja likiwa la Cori Bargmann wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, yalieleza katika jarida la Science kuhusu peptidi (mnyororo mfupi wa amino asidi, yaani vijenzi vya protini) ya mnyoo huyu iitwayo nematosini. Ina amino asidi 11. Oksitosini yako ina 9. Zote mbili zina sisteini (aina ya amino asidi) mbili zinazoshikana na kufanya kitanzi. Ni ndugu wa ukoo mmoja wa kale sana, ila si kitu kimoja.

Dume akitaka kupandana hufuata mpangilio. Mkia ukigusa huntha, husimama, kisha hurudi kinyumenyume akiwa ameubana mkia kwenye mwili wa mwenzake. Akifika ncha, hujikunja kuhamia upande wa pili. Huendelea hivyo hadi apate tundu la uke, ndipo huingiza vijiti viwili vilivyo mkiani na kumwaga mbegu. Watafiti walipoharibu jeni ya nematosini, dume hakuacha kupandana. Alipandana vibaya: alichelewa kuanza, na hatua hazikufuatana sawasawa. Misuli ipo, neva zipo, lakini kinachoziunganisha ziende pamoja kimepungua. Ndiyo maana jina "homoni ya mapenzi" silipendi, hata kwa binadamu. Kundi la pili, kwa njia, lilikuta peptidi hiyohiyo inahusika na mnyoo kujifunza kuhusu chumvi. Mapenzi hapo yako wapi?

Wala nematosini haifanyi kazi peke yake. Kuna kemikali nyingine zinazopitisha ujumbe wa neva: serotonini husaidia mkia kujikunja wakati wa kugeuka. Asetilikolini hukaza misuli ya vile vijiti. Kuna pia peptidi iitwayo PDF-1, na hii ndiyo inayonivutia zaidi, kwa sababu huanza kazi kabla dume hajagusa mtu. Dume aliyeshiba, akiwa peke yake kwenye chakula, hukiacha akaenda kutafuta mwenza. Ukimwekea huntha hapohapo, hatoki. Ukimshindisha njaa kwanza, hamu ya kuondoka hupungua. Dume asiye na PDF-1 hubaki kwenye chakula hata kama hana mwenza karibu. Neva ni zilezile. Kemikali inabadilisha kipi kitangulie, tumbo au uzazi.

Na kwa kuwa kazi yako ni ya uzazi: misuli ya kutagia mayai ya mnyoo huyu huchochewa hasa na serotonini, inayotolewa na neva mbili ziitwazo HSN. Akiwekwa kwenye maji ya chumvi kwa kawaida huacha kutaga. Ongeza serotonini kwenye maji hayo, anaanza kutaga.