Maswali ya Wasomaji: Kipaji cha Miaka 14 Kinapimwaje?

SWALI: Nafundisha michezo sekondari. Nimebakiwa na nafasi moja ya mshambuliaji katika kikosi cha UMISSETA (michezo ya shule za sekondari), na wavulana wawili wa miaka 14. Mmoja ana mwili wa mtu mzima na anafunga kila mechi. Mwenzake ni mdogo, anaona pasi ambazo wengine hawazioni, lakini akisukumwa tu yuko chini. Nimchukue yupi?
— Mwalimu, Mafinga

JIBU: Mwalimu, kama unachotafuta ni ushindi wa mwezi huu, mchukue mkubwa. Kama unauliza ni yupi atakayekuwa mchezaji akifika miaka 20, kwanza ujue kila mmoja amefikia wapi katika kukua. Wavulana wengi hurefuka kwa kasi wanapokaribia miaka 14, ila wapo wanaoanza mapema sana na wapo wanaochelewa. Wawili wenye umri sawa kwenye cheti wanaweza kupishana miaka mitatu kwa mifupa na misuli.

Wapime. Bandika tepu ya fundi ukutani, mtoto asimame bila viatu, visigino na mgongo vikigusa ukuta, asubuhi, kila baada ya miezi mitatu. Aliyeongeza sentimita 2 au zaidi katika miezi hiyo yuko katikati ya kurefuka. Asiyeongeza hata nusu sentimita, na ndevu zimeanza kutoka, anakaribia kumaliza, na nguvu anazowazidi nazo wenzake hatakuwa nazo peke yake muda mrefu. Uliza pia urefu wa wazazi: jumlisha wa baba na wa mama, ongeza sentimita 13, gawa kwa mbili. Baba wa sentimita 172 na mama wa 160 wanakupa 172.5. Kwa msichana unapunguza 13 badala ya kuongeza. Ni makadirio, yanaweza kukosea kwa sentimita 8 hivi juu au chini, lakini yanatosha kukuonyesha kama huyo mdogo bado ana safari.

Ukiona mtoto aliyekuwa na mguu laini ameanza kupoteza mipira kizembe, angalia daftari la vipimo kabla ya kumfokea. Miguu hutangulia kurefuka, kiwiliwili hufuata, na kwa miezi kadhaa mwili haumtii. Wengi huachwa kwenye timu wakati huohuo, jambo linalouma kwa sababu hali hiyo hupita. Ndipo pia yanapoanza maumivu ya kinundu kilicho chini ya goti, au ya kisigino: mfupa unakua, na msuli unauvuta pale ulipo bado laini. Punguza kuruka na mbio kali, mwachie mazoezi ya pasi. Akichechemea, apumzike na apelekwe hospitali.

Halafu andika mwezi wa kuzaliwa mbele ya kila jina. Umri wa mashindano huhesabiwa kuanzia Januari 1, kwa hiyo mtoto wa Januari na wa Desemba wanawekwa kundi moja huku wamepishana karibu mwaka mzima. Orodha yako ikijaa watoto wa Januari hadi Machi, umechagua umri, hujachagua mpira. Mbwana Samatta, aliyefika Genk ya Ubelgiji Januari 2016 na Aston Villa ya England Januari 2020, alizaliwa Desemba 23, 1992.

Majaribio yenyewe usiyafanye kwa 11 dhidi ya 11 huku watoto 40 wakisubiri zamu. Wengine watagusa mpira mara tatu na kurudi nyumbani. Cheza wanne kwa wanne, uwanja wa mita 30 kwa 20, magoli ya koni yenye upana wa mita 2, bila makipa. Dakika 5 mchezo, dakika 2 mapumziko, michezo sita, na timu zibadilishwe kila mchezo. Kila aliye kwenye timu iliyoshinda aandikiwe pointi. Mtoto ambaye kila timu anayopangwa inashinda ana kitu, hata kama hafungi. Michezo miwili ya mwisho ipange kwa miili: wakubwa kwa wakubwa, wadogo kwa wadogo. Hapo ndipo swali lako litakapopata jibu. Angalia kama anageuza kichwa kabla mpira haujamfikia, kama mguso wa kwanza unampeleka mbali na mpinzani, kama anatumia miguu yote miwili, na anafanya nini sekunde tano baada ya kupokonywa. Chenga zinazoshangiliwa zisikuchukue.

Kwa maelezo yako, na kama vipimo vitaonyesha mkubwa anamaliza kukua, sisi tungempa mdogo nafasi hiyo, na mkubwa tungempandisha afanye mazoezi na wa miaka 17. Huko kifua hakitamtosha, itabidi ajifunze kucheza.

SWALI: Vijana wetu wana pumzi kuliko timu zote za huku, lakini wakienda Dar es Salaam kwa majaribio wanakatika dakika ya 30. Kwa nini?
— Kocha, Njombe

JIBU: Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo pumzi wanayo kweli. Kinachowamaliza ni joto na unyevu. Jasho la pwani halikauki mwilini, mwili haupoi, na moyo unalazimika kupeleka damu kwenye ngozi na kwenye misuli kwa wakati mmoja. Mwili huhitaji siku 7 hadi 14 kuzoea. Anayeshuka na basi la usiku na kuingia uwanjani asubuhi anapimwa uchovu tu. Washuke mapema, waanze na dakika 30 za mazoezi mepesi, waongeze hadi 60 au 90. Wapime uzito kabla na baada ya mazoezi: kila kilo iliyopotea wanywe lita moja na nusu kidogo kidogo, na chakula kiwe na chumvi.

Mpira nao hubadilika. Hewa ya juu ni nyepesi, mpira hukimbia. Pwani hewa ni nzito zaidi na krosi waliyoizoea itafika fupi. Wapeni siku mbili za pasi ndefu kabla ya majaribio.

SWALI: Kuna mtu anayejiita wakala ameniomba fedha ampeleke mwanangu wa miaka 16 akacheze nje. Pia anataka tumpunguzie miaka miwili. Nifanye nini?
— Mama, Tunduma

JIBU: Mama, usitoe hata shilingi. Kanuni za FIFA zinakataza mchezaji kuhamia nchi nyingine kabla ya miaka 18, isipokuwa kwa sababu chache, kama wazazi kuhama kwa shughuli zao zisizohusu mpira. Kwenu mpakani kuna nyingine: mtoto anayeishi ndani ya kilomita 50 kutoka mpakani anaweza kuchezea klabu ya upande wa pili iliyo ndani ya kilomita 50 pia, mradi alale kwenu na vyama vya nchi zote mbili vikubali. Wakala halali ana leseni ya FIFA aliyoipata kwa mtihani, na hawezi kumfuata mtoto bila idhini yako ya maandishi.

Kupunguza umri kataa kabisa. Tangu 2009 FIFA hutumia MRI (kipimo cha picha za ndani ya mwili) ya kifundo cha mkono kwenye Kombe la Dunia la chini ya miaka 17, na mfupa uliokwisha kuungana unaonekana. Cheti cha kuzaliwa cha RITA kikipishana na vyeti vya shule, kesi itamfuata mwanao, wakala atakuwa ameshaondoka.

Hakikisha amesajiliwa rasmi kwenye klabu yake ya sasa. Akiuzwa nje baadaye, asilimia 5 ya ada hugawiwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23, na bila usajili klabu yenu ya mtaani haitapata kitu.

SWALI: Binti yangu anacheza soka vizuri na anafaulu darasani. Vyuo vya Marekani vinachukuaje wachezaji? Nasikia huwapa nyota.
— Baba, Iringa

JIBU: Nyota, kuanzia mbili hadi tano, hutolewa na tovuti zinazofuatilia vijana wa huko, hasa wa mpira wa Kimarekani na kikapu. Zenyewe hukosea: J.J. Watt alipewa mbili, akawa mlinzi bora wa mwaka wa NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, mara tatu. Binti yako hazihitaji. Na njia ya vyuo Watanzania wameshaipita: Hasheem Thabeet wa kikapu alitoka Dar es Salaam, akachezea chuo cha Connecticut na kuchaguliwa wa pili NBA, ligi ya kikapu ya huko, mwaka 2009.

Kwa NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani, daraja la kwanza na la pili hutoa ufadhili wa michezo, la tatu halitoi. Anahitaji masomo ya msingi 16 ya sekondari, yakiwemo Kiingereza, hesabu na sayansi, kwa hiyo asiiache hesabu. Asisaini mkataba wa kulipwa na klabu. Rekodi mechi kutoka juu jukwaani, pale uwanja wa Samora panafaa, kata vipande vya jumla ya dakika 4, alama ikimwonyesha kabla ya kila tukio, na mechi moja nzima iwe tayari wakiiomba. Aandike mwenyewe kwa kocha, akitaja mwaka wa kumaliza shule, nafasi anayocheza, matokeo ya mitihani na kiungo cha video. Makocha wa daraja la kwanza hawaruhusiwi kumjibu kuhusu usajili kabla ya Juni 15 baada ya mwaka wake wa kumi wa shule, kwa hiyo wakinyamaza kabla ya hapo asikate tamaa. Awatumie tena ujumbe wiki hiyo ya Juni.